Mteja wa Arobaini na Moja

Chumba cha Kushonea,
Nyuma ya Duka la Vioo,
S.L.P. 318.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu, pamoja na zile zote zilizolala njiani miezi yote niliyokuwa nikisema nitakuandikia kesho. Mgongo unaendeleaje? Ule uliouumiza ukiinama chini ya masinki ya watu umepoa, au bado unatembea kama mtu aliyedondosha kitu? Na lile jino umeling'oa, au unaendelea kulibembeleza kwa maji ya chumvi? Unakula? Usinijibu "ndiyo" tu. Niambie unakula nini na saa ngapi, maana nakujua.

Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, isipokuwa macho, na hilo nitalifikia. Cherehani yake ni ile ile, na bado akiudhiwa na mteja humnyamazia mteja akaifokea cherehani. Mimi nimenenepa kidogo. Kabla hujafungua mdomo: ni mashavu tu.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Nimeandika barua makusudi. Kwenye simu nitakuuliza maneno mia, nawe utanijibu neno moja na kile kikatuni cha kucheka. Barua hii anakuletea rafiki yako, fundi wa majokofu, anayerudi kazini Alhamisi baada ya likizo. Alikuja kutusalimia juzi. Mama alimshika mikono yote miwili akamwangalia usoni mpaka mtoto wa watu akaona haya. Nadhani alikuwa anakutafuta wewe ndani yake.

Nina swali moja kwako, na jibu lake nalitaka kabla mwezi huu haujaisha. Lakini siwezi kukuuliza hivi hivi bila kukueleza limetoka wapi, kwa hiyo vuta kiti.

Unajua niko mwaka wa mwisho wa masomo ya kompyuta. Kila mwaka chuo chetu hufanya kongamano la utafiti la wanafunzi, sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari, na safari hii nami nilichaguliwa. Usidhani nimetengeneza roketi. Utafiti wangu ulihusu wateja wa Mama.

Wewe mwenyewe umekulia humu ndani, unawajua. Mtu anatuma meseji: "Fundi nakuja kuchukua gauni." Mama anaacha kazi zote, anapiga pasi, anafunga vifungo vya mwisho, anatundika gauni mlangoni, na mtu haonekani. Wakati huo yule ambaye hakusema kitu amesimama kizingitini anauliza suruali yake iko wapi. Nikasema, kwani kompyuta haiwezi kusoma hizo meseji ikamwambia Mama nani wa kumngoja na nani wa kumpuuza?

Nikachukua meseji zote alizotumiwa Mama kwa miaka minne, elfu tatu na ushee, na daftari lake la vipimo, lile ambalo huweka alama siku mtu anapochukua nguo. Kila meseji niliilinganisha na daftari. Daftari likionyesha mtu alikuja, programu naiambia "alifika". Lisipoonyesha kitu, naiambia "hakufika". Ukiilisha mifano ya kutosha inaanza kukisia yenyewe. Programu nikaipa jina Atafika, kwa matumaini.

Majina niliyaondoa, kila mteja nikampa namba, maana haikunipendeza ukumbi mzima ujue nani alisahau nguo ya sherehe kwa fundi miezi minane. Meseji za ndugu nilizitoa pia. Namba yako, iliyoandikwa "Mwanangu", niliifuta kwa mkono wangu, na nilijiona mtafiti hodari kweli kweli.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Kulikuwa na mabango ukutani, vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, na chai iliyopoa kabla ya hotuba ya kwanza kwisha. Projekta ilizima mara tatu, na kila ilipozima watu mia mbili wa kompyuta waliitazama kwa huzuni mpaka mfagiaji akaja akaupiga waya teke, ikawaka. Mwenzangu mmoja alitengeneza mashine ya kuhesabu mahudhurio darasani kwa kutazama nyuso. Ilifanya kazi vizuri mpaka mapacha wawili wa mwaka wa pili walipopita mbele yake, ikawahesabu mtu mmoja, nao wakagombana nani ndiye aliyehudhuria.

Zamu yangu iliangukia baada ya chakula cha mchana, saa ile watu wanaitikia kwa vichwa si kwa sababu wanakubaliana nawe. Nilipewa dakika kumi za kueleza na tano za maswali. Msimamizi wangu alikaa mstari wa mbele. Tunamwita Rejea, kwa kuwa hata ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza rejea yako iko wapi. Slaidi mbili nilizisoma kwa kunong'ona, ya tatu nikapata sauti. Nilipofika kwenye mifano ya meseji watu waliamka wakaanza kucheka, kwa sababu kila mtu ana fundi wake aliyemdanganya au aliyedanganywa naye.

Kwenye maswali akasimama jaji mmoja, mwalimu mgeni kutoka chuo kingine, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Hakuuliza kitu. Alipanda jukwaani.

"Naomba nijaribu mwenyewe, mwanangu," akasema.

Akaandika kwenye kompyuta yangu: Fundi nakuja saa nne. Skrini ikajibu: ATAFIKA, asilimia themanini na nne. Watu wakapiga makofi. Akaandika tena: Mama nakuja. Skrini ikajibu: HATAFIKA, uwezekano wa kufika asilimia mbili.

Akainama karibu na skrini kama anayetafuta uzi uliodondoka. Akaongeza neno: Mama nakuja, usijali. Ikashuka mpaka asilimia moja.

"Kwa hiyo hii mashine yako," akasema kwenye maikrofoni, "mtu akiita fundi inamwamini, akiita mama inamwona mwongo?"

Ukumbi ulipasuka. Mmoja kutoka nyuma akapiga kelele, "Inatujua!" Kila aliyekuwa amesinzia akaamka, na hata Rejea, ambaye sijawahi kuyaona meno yake, niliyaona. Nami nilicheka, ningefanyaje, ila kwa mdomo tu. Sikujua programu yangu imejifunza wapi jambo hilo.

Yule mama alipokuwa anashuka alinisogelea, mbali na maikrofoni, akaniambia polepole, "Humo ndani kuna mtu mmoja anayesema sana. Nenda kamtafute."

Sikushinda. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa mabinti wawili waliotengeneza programu ya kutambua ugonjwa wa mimea kwa picha ya jani, na walistahili. Mimi niliambiwa makala yangu itaingia kwenye kitabu cha kongamano, iwapo nitaitafuta ile dosari, niisahihishe na kuirudisha kabla ya tarehe thelathini. Nilifurahi hivyo hivyo. Nilitaka kukupigia simu pale pale nje ya ukumbi, nikakumbuka saa hizo uko chini ya sinki la mtu.

Jana, Jumamosi, baada ya kifungua kinywa nikaketi kumtafuta huyo msemaji. Haikuchukua hata nusu saa. Niliwapanga wateja kwa wingi wa meseji, na juu kabisa akatokea mteja wa arobaini na moja. Meseji mia moja themanini na sita. Nguo alizochukua: hakuna. Takriban kila meseji inaanza na "Mama", na karibu kila moja ina "nakuja".

Niliwaka, Kaka. Wateja wasumbufu nimewazoea, lakini huyu alikuwa amezidi. Miaka minne anamchezea mama yangu! Nikafungua orodha yangu ya siri, yenye namba nilizowapa na majina ya kwenye simu ya Mama tu, nione arobaini na moja ni nani, nikakuta Mama amemwandika "Koti la Bluu". Hilo halikunistua. Unaijua simu ya Mama, haina jina la mtu. Shangazi ni Gauni la Maua, mwalimu mkuu mstaafu ni Suruali Mbili, na yule jirani mwenye duka la vioo ni Kola Imechakaa, na tuombe asije akaishika simu ile.

Mama alikuwa anashona mapazia. Nikamwambia, "Mama, kuna mteja anakuchezea. Koti la Bluu ni nani?"

Akainama zaidi kwenye pazia. Mguu uliendelea kukanyaga. Uzi wa juu ulikuwa umekatika, nami nikaiona sindano inakwenda na kurudi juu ya pazia inatoboa matundu tu, na yeye, ambaye huisikia cherehani ikikohoa akiwa jikoni, hakusikia. Kisha akasimama, akafungua kabati la vitambaa, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya shuka.

Lilikuwa koti lako.

Bluu iliyoiva, kitambaa kizito kizuri, bitana imeingia, kola imekamilika, mifuko imekaa sawasawa. Mabegani na mikononi tu ndiko kulikobaki na bandi, ile mishono mirefu ya muda ya uzi mweupe, ya kushikizia. Mama akalipangusa kwa kiganja.

"Mabega siwezi kuyafunga mpaka asimame hapa," akasema. "Mtu akifanya kazi ya nguvu mabega hubadilika."

Ulipobadilisha namba miaka minne iliyopita ulimwambia unakuja, nawe ukamwambia unataka koti. Pengine ulitania. Yeye akaiandika namba mpya kama anavyoandika kazi yoyote, kwa jina la nguo, akaenda kununua kitambaa. Mimi nikafuta "Mwanangu", namba uliyoiacha zamani, na wewe mwenyewe nikakuacha humo humo katikati ya wateja. Daftari likatafuta siku uliyochukua nguo, halikuiona, na mara mia moja themanini na sita likaiambia programu: hakufika.

Nikamuuliza Mama mbona hakuniambia chochote kuhusu koti. Akasema, "Ungenicheka." Kaka, ni kweli, ningemcheka, na sasa natamani ningekuwa mtu ambaye hakuogopwa hivyo na mama yake.

Nilizisoma zote. Nisamehe, lakini nilizisoma, kuanzia ya kwanza. Za mwanzo ni ndefu. Mama nakuja mvua zikipungua, kazi ya jengo la ghorofa tunaimaliza mwezi ujao, niandalie kitanda changu kile kile. Mama nakuja bosi akirudi, ameniahidi ruhusa. Mama nakuja, usijali. Kadiri siku zinavyokwenda zinafupika. Ya Juni, ambayo ni ya mwisho, ina neno moja tu, "Nakuja", hata mama hayumo.

Kisha nikaomba simu nione yeye alikuwa anakujibu nini. Jibu ni lile lile kila mara, tangu la kwanza mpaka la mwisho: "Haya baba, nasubiri."

Kwangu mimi hukuwahi kuandika "nakuja" hata mara moja. Kwangu unaandika "tutaona". Nilikuwa nadhani Mama naye anaambiwa tutaona.

Tangu jana nalifikiria neno hilo. Sisi mtu akiinuka kitini, akavaa viatu, akatoka mlangoni, anasema "nakuja", na sote tunaelewa kwamba anaondoka. Siku ile ulipoondoka ulisimama pale mlangoni na begi begani, Mama ameshika mkasi na hajui auweke wapi, nawe ukasema "nakuja" kama mtu anayekwenda kununua kiberiti. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuwa nimeinamia daftari nikasema "haya" bila kuinua kichwa. Miaka sita sasa, na hilo "haya" langu linaniuma kuliko kitu chochote nilichowahi kumwambia mtu. Ningejua, ningekuangalia vizuri. Siku hizi nikitaka kukumbuka ulivyokuwa unacheka naona mdomo tu, macho hayaji.

Nimekumiss, Kaka, sina neno zuri zaidi la kitabuni. Nakukosa kwenye mambo ya kijinga. Bomba la jikoni linavuja, na kila fundi anayekuja namwangalia kwa chuki kwa sababu si wewe. Kiti chako Mama amekitundikia mikanda ya kupimia, eti kwa kuwa hakuna anayekikalia, na mtu akitaka kukikalia anaambiwa kina mikanda.

Sasa nifike kwenye macho. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Sindano namtungia mimi, na jua likishaanza kushuka haoni uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi. Daktari wa macho anasema ni upasuaji mdogo, watu wengi wanafanyiwa na wanaona vizuri, lakini asichelewe sana, na baada ya hapo asiguse cherehani kwa wiki kadhaa. Amepewa tarehe mara mbili, na mara mbili aliiahirisha. Mimi nilidhani anaogopa kisu. Jana, koti likiwa magotini pake, ndipo aliponiambia.

"Akija nikiwa nimefungwa macho," akasema, "mabega atafungiwa na nani?"

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka nilipotulia. Mara ya kwanza alipoahirisha ilikuwa Februari, na nimeitazama tarehe: siku tatu kabla ulimwandikia Mama nakuja. Mara ya pili ilikuwa Juni. Tarehe mpya ya hospitali ni pili Oktoba, na ameshaanza kusema labda tuisogeze kidogo.

Sikuandikii kukugombeza. Najua maisha ya ugenini si maneno, najua kuna siku unaandika "nakuja" na wakati unaandika unaamini kabisa, na kuna siku unaandika kwa sababu huna kingine cha kumpa. Ningekuwa wewe labda ningefanya hivyo hivyo. Lakini wewe unaandika na kurudi kazini. Yeye anaandika "nasubiri", na anasubiri kweli.

Rejea, niliyempigia simu jana jioni, anasema jambo langu ni jepesi: mteja wa arobaini na moja si mteja, mwondoe. Nimelijaribu pembeni. Ukitolewa wewe, usahihi wa programu unapanda kutoka asilimia sabini na tisa hadi themanini na saba. Niliitazama namba hiyo nikaichukia, kwa sababu ilikuwa inaniambia kwamba bila wewe mambo yanakwenda vizuri zaidi, na mtu yeyote aliyekaa kwenye nyumba hii saa moja tu anajua si kweli. Mwisho nitakutoa, sina budi, makala ni makala. Kwenye kompyuta naweza kukutoa kwa kidole kimoja. Kwa Mama siwezi, na wala sitaki.

Kwa hiyo swali langu ndilo hili, Kaka: unakuja au huji?

Kama unakuja, usituandikie neno lolote. Panda gari uje, mabega yako tutayapima ukiwa umesimama. Kama huwezi kuja mwaka huu, andika "siji". Nimelitafuta neno hilo katika meseji zako zote mia moja themanini na sita, halimo hata mara moja. Liandike, lipitie kwangu, nitakaa na Mama nimwambie mimi. Atalia, nitakuwepo, na tarehe pili nitamshika mkono nimpeleke hospitali. Hutakuwa mwana mbaya kwa kuandika hivyo.

Shangazi anakusalimu na anasema umsalimie mwenzio kama unaye, na kama huna, anasema anaye mmoja. Kola Imechakaa anakusalimu. Binti wa shangazi, yule mwenye pengo, sasa ana meno yote na anakusalimu kwa kuyaonyesha. Mwalimu mkuu mstaafu anauliza kama bado unaandika herufi zako zikilala. Msalimie sana rafiki yako huyu aliyebeba barua, na mwambie Mama hakumaanisha kumtisha.

Nilikuwa nataka kufunga hapo. Mama ameingia sasa hivi kutafuta chaki, amesimama nyuma yangu. Hasomi mwandiko wangu kwa macho yale, lakini anajua mtu akiandika kwa mkono anamwandikia nani. Amesema nikwambie koti halina haraka, uje utakapoweza.

Ni kweli halina haraka, Kaka. Macho ndiyo yenye haraka. Ukija mwakani, ukija baada ya miaka mitano, ukija na mvi, nataka siku hiyo ukisimama mlangoni akuone.

Mungu akulinde mikono na mgongo, akufungulie njia ya kurudi, na kama njia bado imefungwa, akupe moyo wa kutuambia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye na asiyezoea kutokuwepo kwako,

Kifungo.